Kwa Neema, kabla hujaenda Versailles

Bukavu, Jumatano jioni

Neema mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi tuko wazima. Mama yako kifua kilimsumbua kidogo kwa baridi ya mvua hizi, lakini tangu jana amerudi sokoni Kadutu na meza yake iko mahali pake. Wadogo zako wanakusalimia. Koko naye haachi kuuliza kama huko unapata bugali ya kukushibisha. Mjibu mwenyewe, mimi hanisadiki.

Sauti uliyonitumia niliisikiliza peke yangu kwanza, ndipo nikamwita mama yako. Unasema wenzako wa chuo wamepanga kwenda Versailles Jumapili, kutazama bustani za mfalme na maji yanavyorushwa, na wewe unasita. Ukaniuliza: baba, nitasimamaje pale nitazame maji yakiruka hewani kwa ajili ya macho tu, na nyinyi huko mnaamka saa tisa ya usiku kupanga bidoni za maji? Mama yako aliposikia hayo alinyamaza, kisha akasema, "Huyu mtoto hajatusahau." Mimi nikasema nitakujibu kwa maandishi, maana jambo hili haliwezi kuingia kwenye sauti ya dakika mbili.

Nenda, mama. Hilo ndilo jibu. Yanayofuata ni namna ya kwenda.

Unajua nilifika pale zamani, kabla hujazaliwa, walipotupeleka mafunzo ya mabomba ya maji. Siku ya mapumziko wenzangu waliingia ndani ya jumba kuona ukumbi wa vioo na vitanda vya wafalme. Mimi nilishinda bustanini mpaka walipofunga, na bado sikuwa nimemaliza. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwenyewe aliandika mwongozo wa namna ya kuonyesha bustani zake: mgeni aanzie wapi, asimame wapi, ageuke atazame nini. Aliurekebisha mara kadhaa kati ya 1689 na 1705. Mwongozo wake ni wa mwenye nyumba anayetaka kusifiwa. Wangu ni wa fundi, na ninauandika kwa ajili yako tu.

Kabla hujatazama tone lolote pale, jua kwamba mahali hapo hapakuwa na maji ya kutosha. Palikuwa na msitu, vinamasi na upepo. Baba yake, Louis wa 13, alijenga hapo nyumba ndogo ya kuwindia mwaka 1623, na kwa kuwinda pangefaa. Duke wa Saint-Simon, aliyeishi jumbani mwa mfalme na kuandika habari zake, alipaita mahali pa huzuni pasipo na mandhari, wala miti, wala maji, wala udongo. Hapo ndipo mwana alipoamua, kuanzia 1661, kujenga jumba kubwa na bustani zenye maji yanayoruka kila upande, na mwaka 1682 akahamishia hapo serikali yake yote.

Wewe mtoto wa Bukavu utalielewa tatizo lake haraka kuliko hao wenzako. Sisi ziwa tunalo. Kivu iko pale chini, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu zimepanda vilima kutoka hapo. Mtoto wa Kadutu anaona ziwa lote akiwa mlangoni kwao, na robine ya uani inatoa upepo. Watu husema maji hayapandi mlima. Yanapanda, lakini lazima kitu kiyasukume. Kitu hicho kinakula umeme, na umeme wa Ruzizi ukikatika, aliye juu ndiye wa kwanza kukauka na wa mwisho kupata. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na kila nilipofunga bomba jipya bondeni nilijua kuna mama mahali fulani kilimani ambaye maji yake nimeyapunguza. Mfalme yule alikuwa na shida ya watu wa kilimani, tena bila ziwa.

Mwanzoni walivuta maji ya bwawa la Clagny, lililokuwa karibu na jumba, kwa pampu za kuzungushwa na farasi na kwa vinu vya upepo. Hayakutosha. Wakayafuata ya mto Bièvre. Hayakutosha. Ndipo walipomtumia padri mmoja, Jean Picard, mtu wa kupima nyota, yule aliyewahi kupima ukubwa wa dunia. Picard alichukua kifaa cha kupima usawa, kile tunachokiita pima-maji, akakifunga darubini, akapita nacho kwenye nyanda zote za kusini na magharibi ya pale akitafuta ardhi iliyo juu kidogo kuliko bustani. Wakachimba mabwawa kwenye nyanda hizo, na mifereji ya kilomita nyingi sana, ili mvua inayonyesha mbali itembee yenyewe mpaka kwa mfalme.

Kazi hii naipenda kuliko zote za pale, na watalii hawaijui kwa sababu iko nje ya ukuta wa bustani. Mfereji wa namna hiyo hauna pampu wala gurudumu. Una mteremko tu, mdogo sana, ambao jicho haliuoni. Mtu akisimama kando yake ataapa kwamba ardhi ni tambarare. Ukizidisha mteremko, maji yanafika chini mno na hayafai tena kwa chemchemi. Ukipunguza, yanalala na kuoza njiani. Padri huyo alipita katikati ya makosa hayo mawili akiwa na darubini na subira. Baadhi ya mabwawa hayo yapo mpaka leo huko Saclay na Saint-Quentin. Siku nyingine ukipata nafasi, nenda kayaone.

Sasa twende ndani. Ukishavuka jumba utatokea kwenye baraza pana lenye mabeseni mawili makubwa yaliyotulia. Watu wote watakimbilia ukingo wa mbele kupiga picha. Wewe simama hapo hapo kwanza. Chini ya miguu yako, ndani ya ardhi, kuna matangi ya maji. Kuna mengine mjini, juu ya kilima cha Montbauron. Ukijua hivyo, bustani yote mbele yako inafunguka: inashuka ngazi kwa ngazi kutoka hapo ulipo, kwa hiyo maji yanatoka juu, yanafanya kazi yake kwenye beseni moja, na yote yanaishia kwenye mfereji mkubwa ule unaong'aa mbali kabisa. Mfereji huo una urefu wa mita 1,670, waliuchimba kuanzia 1668 kwa miaka kumi na zaidi. Ukiwa barazani utadhani uko karibu. Hiyo ni kazi ya Le Nôtre, mtunza bustani aliyekuwa mtoto wa mtunza bustani: alipanua vitu kadiri vinavyokwenda mbali ili macho yadanganyike. Ukianza kutembea ndipo miguu itakuambia ukweli.

Nikueleze kidogo habari za msukumo, maana hukupenda fizikia na mwalimu wako alikuwa na haraka. Kila mita kumi za maji yaliyosimama juu ya robine zinakupa msukumo wa bar moja. Hakuna uchawi mwingine. Tangi likiwa mita thelathini juu ya mdomo wa bomba, unapata bar tatu, na maji yakitoka yatajaribu kurudi juu mpaka usawa yalikotoka. Hayafiki, kwa sababu bomba linakula sehemu yake kwa msuguano na hewa inakula yake. Utakapofika kwenye beseni la Joka, utaona mrusho mmoja unaopanda mita 27. Hapo rudisha macho nyuma ujiulize tangi lake liko juu kiasi gani, na bomba ni nene kiasi gani. Wafalme na wageni wao waliangalia maji yanakwenda wapi. Fundi anauliza yametoka wapi.

Nilimwona fundi mmoja wa pale akifanya kazi. Alikuwa na ufunguo mrefu wa chuma, unaofika kifuani. Aliinua kifuniko kidogo kwenye majani, akauzamisha ufunguo ndani ya tundu mpaka ukashika, akaanza kuzungusha. Polepole sana, robo kwa robo, ameinamisha kichwa. Nyuma yake chemchemi ilianza kukohoa, ikatoa upepo, ikatoa povu, kisha maji yakasimama wima na watu wakapiga makofi. Yeye hakugeuka kuangalia hata mara moja. Alikuwa anasikiliza bomba. Ukifungua kwa haraka, maji yanalipiga bomba kwa ndani, na bomba la umri ule linapasuka. Nilimsogelea nikamwambia na mimi ni wa kazi hiyo hiyo, kutoka Bukavu. Akanipa mkono, akanionyesha ndani ya lile tundu: bomba la chuma cha kusubu, lina mdomo mpana wenye boliti kubwa, limekaa ardhini tangu enzi za Louis wa 14 na bado linapitisha maji. Mimi nimezika mabomba ya plastiki ambayo hayakumaliza miaka mitano. Nilibaki nimeduwaa, mwanangu, kuliko nilivyoduwaa mbele ya dhahabu yote ya pale.

Na mafundi hao walikuwa na siri yao. Maji hayakutosha kamwe, hata baada ya mabwawa ya Picard. Chemchemi zote zikifunguliwa pamoja, matangi yalikuwa yanakauka upesi. Kwa hiyo mfalme alipotembea bustanini, watu walisimama wamejificha kwenye miti wakiwa na filimbi. Mfalme akikaribia kona, filimbi inalia, fundi wa beseni la mbele anafungua vane, yaani vali ya bomba. Mfalme akishapita, wa nyuma anafunga. Yeye aliona maji kila alipogeuza uso. Mtu aliyejiita Jua, mwenye majeshi na hazina, aliishi kwa mgao wa maji kama mtu wa Bagira hapa Bukavu, ila kwake ratiba ilifuata miguu yake. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa ndugu Francine, François na Pierre, wa ukoo uliotoka Italia na kurithishana kazi ya chemchemi baba kwa mwana. Majina hayo ndiyo ninayotaka uyakumbuke Jumapili.

Ukishuka ngazi kutoka barazani utakutana na Latona. Hapo kaa. Usipite.

Ni hadithi ya kale, Ovidius aliiandika kwa Kilatini miaka elfu mbili iliyopita. Latona alikuwa mama wa mapacha, Apollo na Diana. Mke wa baba yao alimfukuza kila nchi kwa wivu. Siku moja ya jua kali alifika Licia, ana watoto mikononi, koo imekauka na maziwa yameisha. Akaona bwawa. Akapiga magoti anywe. Wanakijiji waliokuwa pale wakamkataza. Akawaomba kwa upole, akawaambia maji, kama jua na hewa, ni ya watu wote, akawaonyesha watoto waliokuwa wakinyoosha mikono. Wakamtukana, kisha wakaingia bwawani wakarukaruka kulitibua tope ili asiweze kunywa. Ndipo alipoinua mikono juu akasema, basi mkae humo milele. Wakageuka vyura.

Sasa tazama sanamu. Latona yuko juu kabisa, wa marumaru nyeupe, na watoto wake wawili. Chini yake, kwenye duara, wako wale watu wakiwa katikati ya kugeuka: huyu ana mwili wa mtu na mdomo wa chura, yule vidole vimeshaanza kuungana, mwingine anataka kusema na hakuna sauti, maji tu ndiyo yanatoka kinywani. Ndugu wawili wa ukoo wa Marsy ndio waliozichonga, na kati ya 2013 na 2015 beseni lote lilifungwa likatengenezwa upya pamoja na mabomba yake. Mfalme aliweka hadithi hii mbele ya dirisha lake kwa sababu Apollo ni jua, na yeye alijifananisha na jua. Mimi niliposimama pale sikumfikiria Apollo. Nilifikiria robine ya avenyi yetu, asubuhi ile nilipoona mama mwenye mtoto mgongoni akirudishwa na bidoni tupu kwa sababu hakuwa na pesa ya siku hiyo, na sisi wengine kwenye mstari tukatazama chini. Ninaamini hakuna mahali pengine duniani ambapo dhambi hiyo imechongwa kwa ukweli namna hiyo, na imechongwa katika nyumba ya mtu aliyekuwa na sababu ya kuiogopa zaidi ya wote.

Maana sasa nifike kwenye upande wa pili wa swali lako, ambao ni wa haki.

Maji ya nyanda hayakutosha, wakaangalia mto Seine, ulio mbali na chini sana. Mwaka 1681 walianza kujenga mashine huko Bougival, ikamalizika 1684: magurudumu 14, kila moja lina kipenyo cha mita kumi na mbili hivi, yanazungushwa na mto wenyewe, yanasukuma pampu zaidi ya 200 zilizopangwa mlimani kwa ngazi tatu, maji yakapanda zaidi ya mita 150. Kelele yake ilisikika mbali mchana na usiku. Aliyeibuni ni seremala kutoka upande wa Liège, anaitwa Rennequin Sualem, na alikuwa hajui kusoma. Inasimuliwa kwamba mfalme alimwuliza wazo kama hilo alilipata vipi, naye akajibu kwa lugha ya kwao: kwa kufikiri tu, bwana wangu. Ninaipenda habari hii. Lakini mashine ilikuwa inavunjika kila mara, mbao zinaoza, chuma kinachakaa, na kipande kikubwa cha nguvu zake kilipotelea kwenye minyororo kabla hakijafika kwenye maji. Na maji hayakutosha tena.

Ndipo walipokwenda kutafuta mto Eure, kilomita nyingi sana upande wa magharibi. Mwaka 1685 mfalme aliwapeleka askari, makumi ya maelfu, kuchimba mfereji na kujenga daraja la kupitishia maji huko Maintenon. Wakachimba kwenye vinamasi. Homa ikawashika, wakafa kwa wingi. Mwaka 1688 vita vikaanza, kazi ikasimama, na haikurudiwa kamwe. Matao ya Maintenon yamesimama mpaka leo na hakuna tone lililowahi kupita juu yake kufika Versailles. Watu walikufa kwa ajili ya mrusho wa maji ambao haukuruka.

Na mwaka huo huo wa 1685, mwezi wa Machi, ndani ya jumba hilo unalokwenda kulitazama, mfalme huyo alitia sahihi sheria ya watumwa ya makoloni yake, ile waliyokuja kuiita Code Noir, inayomhesabu mtu mweusi kama mali ya kurithiwa. Huwezi kutembea pale na kutolijua hilo. Kwenye msitu mmoja wa bustani, ule wa ukumbi wa dansi, maji yanashuka juu ya ngazi za mawe yaliyopambwa na kombe za baharini, na kombe hizo zililetwa na meli kutoka pwani za Afrika na Madagascar. Ni pazuri sana. Ziguse kwa macho, ujue nazo zimetoka kwetu.

(Nikiwa hapo: usije ukadhani Ufaransa ndiyo peke yake. Ukipata siku ya kufika Brussels wakati wa masika, fungua macho ukienda Laeken, kwenye nyumba kubwa za vioo alizojenga Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, na fundi wake Alphonse Balat. Huko hutahitaji barua yangu. Mzee wa koko aligema mpira kwa viboko, na koko atakusimulia kuliko mimi.)

Basi, ni haki kwenda? Mwanangu, mambo ni mawili na yote nataka uyabebe. Maji utakayoyaona hayapotei. Yanashuka mpaka kwenye mfereji mkubwa, pampu zinayarudisha kwenye matangi, na kesho yanaruka yale yale; hakuna bidoni ya mtu inayopungua kwa sababu ya Jumapili yako. Hilo ni la kwanza, na ni jepesi. La pili ndilo nililolifikiria siku nyingi. Kumchukia bwana si sababu ya kumnyima fundi heshima yake. Picard na pima-maji yake, Sualem asiyejua kusoma, Francine na funguo zao, wale askari wa Maintenon ambao hatujui hata majina yao: bustani ile ni yao kuliko ya Louis. Ukikataa kuitazama kwa hasira ya mfalme, unawazika mara ya pili. Na elimu waliyoitumia kumfurahisha mtu mmoja ni ile ile inayoweza kupandisha maji mpaka nyumba ya mwisho ya Kadutu. Tangi juu, mteremko uliopimwa vizuri, bomba lililofungwa na mtu anayejua, na mtu anayelisikiliza. Kivu tunayo, vilima tunavyo, mvua inatupiga miezi tisa. Mimi nimezeeka nikijua kwamba tunachokosa hakikosekani duniani, na siku ile Versailles niliona kwa macho kwamba kinaweza kudumu zaidi ya miaka mia tatu.

Kabla hujatoka, pitia upande wa lango la mbele. Tarehe 5 Oktoba 1789 walifika hapo wamama wa sokoni kutoka Paris, maelfu, wametembea kwa miguu kwenye mvua, wanadai mkate. Wengine walikuwa wauza samaki. Kesho yake mfalme na familia yake waliondoka nao kwenda Paris, na hakuna mfalme aliyeishi tena Versailles kama zamani. Mwambie mama yako habari hii wewe mwenyewe kwa simu. Mimi nilimwambia zamani akacheka sana, akataka kujua walivaa nini miguuni.

Sasa mambo ya safari. Panda treni ya RER C mpaka Versailles Château Rive Gauche, usikosee kituo, kuna vingine vyenye jina karibu na hilo. Siku za maji kuruka bustani inalipiwa. Kwa vile mnakwenda Jumapili, andaa pesa yako mapema, usimwachie rafiki. Maji hayaruki siku nzima, yana saa zake. Chukua karatasi ya ratiba mlangoni. Vaa viatu vya kutembea, hivyo vya kisigino acha chumbani. Beba koti. Beba na chakula, humo ndani wanauza kwa bei isiyo na huruma. Anzia barazani, shuka kwa Latona, ingia misitu ya pembeni, fika kwa Apollo anayetoka majini na farasi wake, walimtengeneza upya juzi juzi tu, akarudi 2024. Rudi kwa upande wa kaskazini, mmalizie kwa Neptune jioni, ambako mirusho 99 inafunguka pamoja. Pale watu wanajaa, tangulieni.

Ukipita Orangerie na kukuta michungwa imetolewa nje kwenye masanduku yake, piga picha umesimama kando ya mmoja. Mama yako anaitaka hiyo, na anasema uvae kile kitenge cha bluu alichokupa, si suruali.

Mimi sitaki ya Apollo, ninayo. Tafuta kifuniko kilichofunguliwa, omba ruhusa kwa heshima, unipigie picha ya vane na mdomo wa bomba, zile boliti zionekane vizuri. Na muulize fundi siku hizi maungio wanayaziba kwa nini. Enzi zile ilikuwa ngozi. Nimebishana na wenzangu wa kazi kuhusu jambo hilo tangu nirudi, na wawili kati yao bado wako hai.

Tuma usiku huo huo, usingoje Jumatatu. Jumatatu umeme hatuna.

Baba yako